Mtumbwi Uliofutwa Ukurasa wa 14

Albamu moja ya harusi nimeipitia mara nne, na mara zote nimekwama palepale: ukurasa wa 14, picha iliyotandazwa kurasa mbili, maharusi wamesimama mchangani Nchelenge, Zambia, na nyuma yao Ziwa Mweru limeiva kama embe. Rangi zimekaa, nyuso zinaonekana, gauni linang'aa. Hata hivyo nasema bila kumung'unya maneno kwamba ukurasa huo ndio uamuzi mbaya kuliko yote niliyoyaona katika kazi za harusi mwaka huu. Mpiga picha ameufuta mtumbwi.

Video ya harusi ileile inaonyesha ninachosema. Mtumbwi wa mbao wenye injini unaingia kutoka ng'ambo, injini inazimwa, kijana wa mbele anaruka majini ameshika kamba. Katikati ameketi mama mzee, kitenge kichwani, beseni mapajani. Huyo ndiye bibi mzaa mama wa bibi harusi. Kule alikotoka, mji wa Kilwa upande wa Kongo, wanamwita kambo, na kwao neno hilo halina habari ya kufikia. Ni nyanya wa damu. Upepo ulimzuia ng'ambo tangu asubuhi. Misa ilimpita, keki ilikuwa inamsubiri. Anafika jua likiwa linagusa maji, na vigelegele vya wanawake waliokuwa ufukweni vimenaswa vyote.

Studio iliyopiga harusi hiyo, ambayo jina lake silitaji, ilikuwa na hayo yote mbele ya lenzi. Ikaweka kaunta albamu ya maonyesho, ile anayoifungua mteja mpya kabla hajaamua kutoa pesa yake, na ndani ya albamu hiyo kambo hayumo.

Tuzichukue dakika zenyewe, maana kosa hili lilianzia mchangani. Kompyuta ilikuja kulimalizia tu. Ni Agosti. Nchelenge iko ukingo wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo jua huzama majini, upande wa Kongo, mkono wa kulia kidogo wa magharibi kamili, kwenye saa kumi na mbili jioni. Tuko nyuzi tisa tu kusini mwa ikweta, na huku jua huteremka wima: likishagusa maji, dakika mbili na ushei limekwisha. Baada ya hapo kuna mwanga laini wa kama dakika ishirini kabla giza halijashika. Anayefanya kazi pwani hii anaijua hesabu hiyo.

Mpiga picha wetu aliwaweka maharusi mahali pao mapema, akapima mwanga wa anga, akawamulika kwa flashi ya pembeni yenye karatasi ya rangi ya chungwa. Safi, sina la kuongeza.

Kisha mtumbwi ukaingia kwenye fremu kutoka kushoto. Hapo ndipo mnapaswa kurudisha video nyuma na kuitazama polepole. Vigelegele vinaanza. Bibi harusi anageuza shingo. Kwa sekunde moja hivi mwili wake wote unataka kwenda majini, mkono umeshaliinua gauni. Mpiga picha anainua kiganja, anamwashiria aangalie kamera, na yeye, kwa adabu ya binti aliyefundwa, anarudisha uso mahali alipoambiwa. Kamera inalia. Picha inapatikana. Ndiyo ile ya ukurasa wa 14.

Kila kitu kinachotafutwa katika kazi hii kilikuwa kwenye shingo ile inayogeuka, na fundi aliyelipwa kukitafuta akakizuia kwa kiganja chake mwenyewe. Harusi nzima, tangu asubuhi, maharusi wanaelekezwa: simama hapa, shika ua, cheka, inua kidevu. Kisha linakuja jambo moja ambalo hakuna aliyelielekeza, limevuka ziwa kuja lenyewe, nalo ndilo linaloambiwa lisubiri.

Alikuwa na njia tatu, na zote zilikuwa ndani ya mfuko wake wa kamera.

Ya kwanza ni kuacha kidole kwenye kitufe. Shingo inageuka, flashi inamulika nusu ya uso, mtumbwi mweusi juu ya maji ya dhahabu kushoto, maharusi kulia. Fremu imejipanga yenyewe. Asingehitaji hata kusogeza mguu.

Ya pili ni kubadili lenzi. Alikuwa na lenzi pana, ndiyo maana kwenye picha ile kisiwa cha Kilwa kimekuwa mstari mwembamba na mtumbwi, kabla haujafutwa, ulikuwa mdogo kama punje. Kwa lenzi ndefu ya milimita 200, akirudi nyuma hatua ishirini au thelathini, mtumbwi ungesogea hadi begani kwa bibi harusi. Lenzi ndefu huvuta kilicho mbali kikaja kukaa na kilicho karibu. Wazee wa kazi hii waliitumia hivyo wakati lenzi moja ilikuwa na thamani ya ng'ombe.

Ya tatu, ambayo mimi ningeichagua, ni kuwaruhusu waende. Jua limezama, sawa. Zimebaki dakika ishirini za mwanga usio na vivuli vikali, mwanga unaoipenda ngozi yetu kuliko mwanga mwingine wowote wa mchana. Gauni jeupe linaingia majini hadi magotini, mikono inampokea mzee, beseni linapita mkono hadi mkono. Hapo huhitaji flashi, unahitaji miguu tu. Yeye alifunga mfuko na kuwaharakisha maharusi wakaingie ukumbini.

Baada ya hapo ndipo kompyuta ikafanya lake. Tazameni maji upande wa kushoto wa ukurasa. Mtumbwi hayupo, lakini mkia wa maji unaoachwa na injini bado upo, michirizi miwili inayotanuka kurudi magharibi, na kichwa chake kinaishia pasipo kitu. Brashi ilifuta mbao, ikafuta watu watano, ikasahau maji. Ziwa limeweka ushahidi.

Najua wapo watakaosema kusafisha picha ni sehemu ya kazi. Ni kweli, na mimi husafisha. Chupa ya plastiki mchangani, futa. Waya wa umeme unaopita juu ya shela, futa. Kipimo changu ni kimoja tangu nianze: futa kile ambacho hakuna mtu wa ukoo atakayekiulizia. Ukiwa huna uhakika, piga simu kwa mama wa bibi harusi ukamuulize waliomo mtumbwini ni akina nani. Simu ya dakika moja ingeiokoa albamu nzima.

Ninaposema haya nina kidonda changu, na wasomaji wa zamani mnakijua. Harusi ya dada yangu ilipigwa kwa filamu ya milimita 35. Fremu ya filamu ile ni milimita 24 kwa 36. Maabara moja ikachapisha picha kubwa kwenye karatasi ya inchi 8 kwa 10 bila kuuliza mtu, na umbo la karatasi ile haliwezi kubeba fremu nzima. Hula milimita 6 kati ya 36, yaani sehemu moja ya sita ya urefu. Katika sehemu hiyo moja ya sita alikuwa amesimama baba. Picha ilirudi nyumbani ikiwa na mkono wake begani kwa dada, na mwenyewe hayumo. Hasi ilipotea baadaye. Mkono ule ndio tulionao hadi leo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mtu wa pembeni ni suala la mpangilio wa fremu, namjibu kwamba pembeni ndiko wanakosimama wazazi.

Na kuna jambo la zamani zaidi. Filamu za rangi tulizoletewa huku zilipimwa kwa ngozi isiyo yetu. Kuanzia miaka ya 1950 maabara zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zile zilizoitwa kadi za Shirley, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zikaja miaka ya 1990. Katikati hapo, bibi zetu wangapi wamebaki macho na meno tu ndani ya albamu, gauni jeupe limenywa mwanga wote? Mafundi wa studio walipambana na hilo kwa shuka jeupe lililoshikwa na kijana pembeni, kwa kufungua lenzi zaidi ya kipimo kilivyosema, kwa kumsogeza mzee karibu na dirisha. Walimpigania mzee aonekane kwa vifaa vilivyokuwa vinamkataa. Leo kamera inamwona kila mtu, hata jioni, na tumempa fundi uwezo huo ili amfute mzee kwa hiari yake.

Nitalinganisha, kwa sababu vijana huniambia kwamba kuchezea picha kulianza na simu. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, alijifundisha kazi mwenyewe na akachezea picha kuliko sisi sote. Alikata sura ya mtu kwa mkasi akaipachika katikati ya maua, akaunganisha picha mbili zikawa moja, yote chumbani mwake bila kompyuta. Lakini tazameni mwelekeo wa mkasi wake. Bakor aliongeza. Mteja alikuja na hamu moyoni, Bakor akaiweka kwenye karatasi pamoja na uso wake. Sijaona kazi yake ambayo mteja alitoka na mtu mmoja pungufu.

Au mchukueni Jean Depara wa Kinshasa. Mwaka 1950 alinunua kamera ndogo aina ya Adox ili apate picha za harusi yake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyoanza mtu ambaye baadaye alikuja kuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco na wa usiku wote wa Kinshasa. Aliingia kwenye kazi hii kupitia mlango wa bwana harusi, na ukitazama picha zake za mabaa na madansi unaona anajua nani amekuja na nani. Pale Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na familia za mji zilikwenda kwake kizazi baada ya kizazi. Hakuna familia inayorudi kwa fundi aliyemwacha nyanya nje.

Sasa nije kwenye maneno, kwa sababu albamu hii ina maandishi kila ukurasa, na uandishi wake ndio ulionisukuma kushika kalamu. Chini ya picha ya ukurasa wa 14 kuna sentensi mbili kuhusu ndoto na machweo ya dhahabu. Zihamishe sentensi hizo ziende Malindi, ziende Nungwi, ziende ufuko wowote duniani wenye jua na mchanga; zitakaa vilevile. Neno "ndoto" nimelipigia kelele miaka mingi na sitachoka. Harusi ya huku Luapula haifanyiki ndotoni. Inafanyika kwa shibukombe, yaani mshenga, aliyetumwa, kwa pesa iliyolazwa kati ya sahani mbili, kwa shangazi aliyekataa mara ya kwanza.

Hesabuni wenyewe. Jina la Mweru limeandikwa mara moja tu, kwenye jalada. Nsalamu, ile pesa ya kati ya sahani mbili, imepigwa picha vizuri, sahani inaonekana, kitambaa cheupe kinaonekana, halafu chini yake imeandikwa kwamba ni utamaduni. Chilanga mulilo, vyungu vyote vile vilivyobebwa kichwani kumwonyesha mkwe moto wa jikoni kwao, imeitwa chakula cha jadi. Mteja wa huku Kashikishi akisoma hivyo anaelewa kwamba mwandishi alikuwa mgeni kwenye harusi, au alijifanya mgeni ili apendeze machoni pa mtu wa mbali. Ukurasa wa droni, ziwa tupu lisilo na mtu hata mmoja, umepewa maneno mengi kuliko vyungu. (Kule ndani kwa banachimbusa, makungwi wa huku, kamera haikuingia, na kwa hilo nawapongeza.)

Maelezo ya picha yana kazi moja: kusema kile ambacho jicho haliwezi kukiona. Jicho linaona jua linazama, usiliambie. Jicho haliwezi kujua kwamba mzee huyu alisimama ng'ambo tangu asubuhi akiutazama upepo. Jicho haliwezi kujua beseni lile limebeba nini, na kutoka kwa nani. Hayo ndiyo yaandikwe.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Waswahili iliyochapishwa mwaka 1903, alipofika kwenye ndoa hakuandika juu ya hisia. Alitaja anayetumwa, anachobeba, kinachotolewa, anayekipokea, na maneno yanayosemwa mlangoni. Zaidi ya miaka mia moja imepita na harusi zile bado unaziona, bila picha hata moja, kwa sababu kila mtu ndani yake ana kitu mkononi.

Na watu wa Mweru wenyewe wana mwalimu mkubwa zaidi. Nani pwani hii hajasimuliwa habari za Nachituti? Kaka yake, Nkuba, alimuua mwana wa Nachituti. Nachituti akaenda kwa mtawala, Mwata Kazembe, kutaka haki, Kazembe akamuua Nkuba, na Nachituti akampa Kazembe vitu viwili: kikapu cha udongo na chungu cha maji. Nchi na ziwa. Masimulizi hayo yamebeba uchungu wa mama, vita na umiliki wa bonde zima la Luapula, na yameviweka vyote ndani ya kikapu na chungu. Msimulizi hakuhitaji kueleza kwamba Nachituti alihuzunika, alionyesha chungu. Mtu aliyekulia kwenye masimulizi ya namna hiyo, halafu analetewa mtumbwi na beseni mbele ya kamera yake, anapata wapi ujasiri wa kuvifuta na kuandika ndoto?

Nasikia hoja ya biashara: albamu ya maonyesho ni tangazo, na mteja anataka usafi. Hoja hii naiheshimu kwa sababu kodi ya studio hailipwi kwa hisia. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi wa ziwa hufungwa, pesa ya samaki hukauka, na albamu ya kaunta ndiyo inayotakiwa kuleta oda za miezi ya baadaye. Basi tuitazame kama wafanyabiashara. Picha ya jua linalozama kila studio inayo. Ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 5,000 na jua huzama bure kila siku. Mteja akiiona anauliza bei, kisha anavuka barabara kuuliza bei kwa jirani, kwa kuwa hana sababu nyingine ya kuchagua. Lakini mwonyeshe bibi harusi aliyegeuza shingo kumtazama kambo wake akifika. Mwandikie sentensi moja inayosema mzee alizuiwa na upepo. Mteja huyo hataanza na bei. Atafikiria mama yake mwenyewe, aliye Pweto au Kaputa au kisiwani, ambaye naye huenda akachelewa, na atajua kwamba hapa yuko mtu atakayemwona akiingia. Hicho ndicho kinachouzwa, na hakina mpinzani mtaani.

Dawa ipo, na haina gharama. Faili ghafi haliguswi na brashi. Mtumbwi bado umo ndani yake, na shingo ile, kwa kuwa kamera yake ilikuwa inapiga mfululizo, nina hakika iko fremu moja au mbili kabla ya ile iliyochaguliwa. Itoeni. Mwanga ulikuwa tayari umepimwa vizuri. Kama nusu ya uso imeingia kivulini, iacheni kivulini. Chapeni upya ukurasa wa 14 peke yake, bandueni ule wa zamani, na nakala moja ipelekwe ng'ambo kwa mtumbwi unaorudi Kilwa.

Zile sentensi mbili za dhahabu ziondoke. Mahali pake, kwa herufi ndogo, pembeni, ningeandika hivi na nisiongeze neno:

Kambo anafika kutoka Kilwa. Upepo ulimchelewesha tangu asubuhi. Mjukuu anageuka kumtazama.